Siti, Mfinyanzi wa Fumba

Dada yangu alipofunga virago mwaka jana kwenda Mombasa, nyumbani kulikuwa kama matangani. Babangu alisema msichana akienda mjini peke yake huyo amepotea. Mimi nilinyamaza, lakini moyoni nilimkumbuka Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Alizaliwa mwaka wa 1880 kijijini Fumba, Unguja. Wazazi wake walikuwa watumwa, na jina lake la kwanza lilikuwa ndilo hilo, Mtumwa. Hebu fikiri, kuitwa hivyo kila asubuhi! Utumwa ulifutwa Unguja mwaka wa 1897, yeye akiwa na miaka 17, lakini amri hiyo haikumpa shule wala shamba. Alifinyanga vyungu kama mamake, akavipeleka mjini kwa miguu, akivinadi njia nzima. Ni sauti hiyo, jamani! Watu walimsikia kabla hawajamwona.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Hakuwa kijana sana, alikuwa na miaka 31 hivi, tena hajui kusoma wala kuandika. Ali Muhsin akamfunza kuimba. Usidhani mji ulimpokea kwa vigelegele, la hasha! Walimcheka sura, wakamcheka na ushamba wake. Taarabu siku hizo ilikuwa ya wakubwa na ya Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, nao wanyonge wa Ng'ambo wakasikia mambo yao wenyewe. Wimbo wake "Kijiti" unahusu mwanamume aliyemuua mwanamke akatorokea bara, kisha wenzake marehemu ndio wakafungwa. Kwa hivyo mji aliujua vizuri, hata ubaya wake, na bado hakurudi Fumba kufinyanga.

Mwaka wa 1928 alivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi sahani za santuri. Wale waliomcheka, nadhani walizinunua pia. Alifariki mwaka wa 1950.

Dada alipiga simu juzi. Anauza viazi karai karibu na kivuko cha Likoni na amepanga chumba na mwenzake. Baba alikataa kuongea naye, ila aliniuliza kama anakula vizuri. Nikipata nakala yangu ya jarida hili nitaiacha mezani, pale anapowekea miwani yake.