Mzee Hurst na Miaka Saba ya Nabii Yusuf (A.S.)

Ukiwa Kware, mfereji ukikauka siku tatu unajua la kufanya: unapanga mitungi, unasubiri mkokoteni wa maji, na futari inaiva hivyo hivyo. Mitungi mingapi itatosha mpaka maji yarudi? Kuna mtu aliyeliuliza swali hilo kwa mto mzima wa Nile.

Jina lake ni Harold Edwin Hurst. Hakuwa Muislamu, lakini subiri uone hazina aliyoitumia ilitoka wapi. Alizaliwa Leicester, Uingereza, mwaka 1880, baba yake akiwa fundi wa ujenzi asiye na pesa nyingi. Shule aliiacha akiwa na miaka 15. Akawa anafundisha watoto na jioni anasoma, mpaka akapata udhamini wa kwenda Oxford, akatoka na daraja la kwanza katika fizikia. Si mchezo!

Mwaka 1906 alienda Misri kwa ziara fupi. Ziara hiyo ikawa miaka 62. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kupeleka saa sahihi ngomeni Cairo ili mzinga wa mchana upigwe (Cairo hiyo hiyo inayosifika kwa mzinga wa kufuturu). Baadaye akaingia kwenye elimu ya maji. Aliufuata Nile kwa miguu, kwa baiskeli, kwa meli na kwa ndege, mpaka huku kwetu kwenye maziwa makuu.

Misri ilitaka kujua bwawa liwe na ukubwa gani ili watu wasikose maji hata miaka mibaya ikifuatana. Kujibu hilo kunahitaji rekodi za karne nyingi, na hizo walizitunza Waislamu. Katika kisiwa cha Rawda, Cairo, kuna nguzo ya mawe ndani ya kisima kilichounganishwa na mto, iliyojengwa mwaka 861 zama za khalifa al-Mutawakkil. Kila mwaka kina cha maji kilipimwa kwa dhiraa, maana kodi ya mashamba ilitegemea mafuriko. Rekodi za Rawda zinaanzia mwaka 622, yaani mwaka wa Hijra. Subhanallah!

Hurst alizichambua, akaongeza mito mingine, mvua, na hata pete za miti. Hebu rusha shilingi mara mia: kila mrusho haujali uliotangulia. Wataalamu walidhani miaka ya mvua iko hivyo. Hurst akaona sivyo. Miaka ya neema huandamana, na ya ukame huandamana, kwa muda mrefu kuliko hesabu zao zilivyotabiri. Basi bwawa lazima liwe kubwa zaidi. Haya aliyachapisha mwaka 1951, akiwa na miaka 71. Mwaka 1968 Mandelbrot na Wallis wakaupa mwenendo huo jina la Yusuf. Wewe uliyesoma Surat Yusuf madrasa unajua kwa nini: miaka saba ya shibe, saba ya njaa, na nafaka kuwekwa akiba mapema.

Hurst alitaka akiba ya Nile iwekwe kwenye maziwa ya huku juu. Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954, na hesabu zake zilisaidia kupima lile Bwawa Kuu la Aswan. Alifariki Desemba 1978, na miaka 98.

Na sisi je? Kuanzia mwisho wa 2020, sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Kenya zilikosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo. Mwaka 2024 mafuriko yakaingia Mukuru na Mathare. Bwawa la Ndakaini, tegemeo kubwa la Nairobi, hubeba lita bilioni 70 likijaa. Mwaka 2017 lilishuka sana na jiji likawekwa kwenye mgao wa maji. Huo ulikuwa ukame wa muda mfupi tu, wala haukufika miaka saba.