Tabibu aliyetaka akamatwe ili sheria ifafanuliwe

MNAMO Juni 1938, Dkt Aleck Bourne wa hospitali ya St Mary's, London, alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyenajisiwa na askari. Kisha akawataka polisi wamkamate, ili mahakama ifafanue sheria.

Jaji Macnaghten alilielekeza jopo kwamba kuhifadhi uhai wa mama kunahusu pia afya yake ya mwili na ya akili. Bourne akaachiliwa huru. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliukubali msimamo huo katika kesi iliyotoka Kenya. Katiba ya 2010, Kifungu cha 26, nayo ikataja waziwazi uhai na afya ya mama.

Ajabu ni kwamba Bourne, aliyezaliwa 1886 na kufariki 1974, aliipinga sheria ya Uingereza ya 1967, akiiona imelegeza mno masharti.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya ingali inatoa kifungo cha miaka 14 kwa atoaye mimba kinyume cha sheria. Ndiyo maana mjamzito wa Merti, afikapo mahututi katika hospitali ya Isiolo baada ya safari ndefu, anahitaji sheria ya Bunge iliyo bayana, asitegemee ujasiri wa daktari mmoja.