Maisha ya Émile Baudot, mtoto wa mkulima aliyetuachia kipimo



Katika mtihani mdogo wa informatika, sisi wa kalasi ya sita tulianguka wengi kwa swali moja tu: kugeuza baudi kuwa biti kwa sekunde. Tuliandika kwamba ni kitu kimoja, na pointi zikaenda. Kwa hasira tukaanza kutafuta huyu Baudot alikuwa nani, ambaye jina lake linatusumbua hivi. Tulipomjua, hasira ikatutoka. Ndiyo sababu tunawaletea maisha yake.

Émile Baudot alizaliwa tarehe 11 Septemba 1845 katika kijiji cha Magneux, upande wa Haute-Marne, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mkulima. Mtoto alisoma shule ya msingi ya kijiji tu, kisha akafanya kazi ya shamba pamoja na baba yake. Sekondari hakuifikia hata siku moja. Sisi tunaolalamika kila siku juu ya masomo, jambo hili lilitunyamazisha kidogo.

Mwaka 1869 aliacha shamba, akaingia kazi ya telegrafu ya serikali kama mwanafunzi wa kazi. Huko walimfundisha mashini ya Morse, kisha wakamtuma kusoma miezi minne juu ya mashini ya Hughes, ile iliyopiga herufi kwenye karatasi. Mwaka 1870 vita ya Ufaransa na Prussia ilianza, naye akaenda kutumika jeshini. Mwaka 1872 alikuwa tena Paris kwa kazi yake.

Hapo aliona jambo ambalo wengine walilipita bila kuliangalia. Waya wa telegrafu ulikuwa mali nyingi, lakini saa nyingi ulikaa bure. Kati ya herufi moja na ya pili hakuna kitu kilichopita. Akafikiri: kwa nini watu wengine wasitumie ule muda mtupu? Wakubwa wake walimtia moyo atengeneze mashini yake, lakini kwa saa zake mwenyewe, nje ya kazi. Tena alikuwa mgonjwa. Tangu mwanzo wa kazi mwili ulimsumbua, na mara moja alikosa kazi karibu mwezi mzima. Ugonjwa ule haukumwacha maisha yote. Pamoja na hayo, hakuacha.

Mwaka 1874 alipata hati ya uvumbuzi wake. Tuangalie ginsi ulivyofanya kazi. Kwa Morse, herufi moja ni fupi na nyingine ni ndefu, basi mashini haiwezi kujua mbele muda wa kila moja. Baudot alipa kila herufi mapigo matano yenye muda sawa. Kila pigo liko na hali mbili tu. Mkizidisha 2 mara tano mnapata 32, na hiyo inatosha kwa alfabeti. Mfanyakazi alikuwa na vidude vitano vya kubonyeza, kama vya piano: viwili kwa mkono wa kushoto, vitatu kwa mkono wa kuume. Gurudumu la kugawa lilizunguka, likimpa kila mtu zamu yake kwenye waya ule mmoja. Asiyefuata mwendo alipoteza zamu. Kwa kawaida mtu mmoja alituma maneno karibu 30 kwa dakika, lakini watu kadhaa walituma pamoja.

Mwaka 1877 mashini zilianza kazi kati ya Paris na Bordeaux, na mwaka 1878 akapewa medali ya zahabu katika maonyesho makubwa ya Paris. Lakini furaha haikuja peke yake. Mtu mwingine wa telegrafu, Mimault, alimpeleka mbele ya tribinali mwaka 1877, akisema wazo la mapigo matano lilikuwa lake. Kwanza tribinali ilimpa Mimault haki. Baadaye hukumu ile ikafutwa. Baudot aliendelea na kazi mpaka alipofariki huko Sceaux tarehe 28 Machi 1903. Alikuwa na miaka 57.

Katika miaka ya 1920, wakubwa wa telegrafu wa mataifa mengi walichukua jina lake kwa kupima mwendo wa waya. Na hapa ndipo tulipoangukia. Baudi moja ni pigo moja kwa sekunde. Biti ni habari iliyobebwa ndani ya pigo. Kama pigo linabeba biti moja, hesabu mbili ni sawa. Kama linabeba zaidi, si sawa hata kidogo.

Mfano wa kwanza: teleksi ya zamani ilikwenda kwa baudi 50. Herufi moja ilikuwa na pigo 1 la kuanza, 5 za herufi, na moja na nusu ya kumaliza, jumla 7.5. Gawa 50 kwa 7.5, kisha zidisha kwa 60: herufi 400 kwa dakika.

Mfano wa pili: modemu ya biti 2,400 kwa sekunde ilikuwa na baudi 600 tu, sababu kila pigo lilibeba biti 4. Hilo ndilo swali lililotuangusha! Tuendelee: ikiwa kila okteti inatumwa kwa biti 10, yaani 8 zake na 2 za kuanza na kumaliza, ni okteti 240 kwa sekunde. Diskete ya zamani ya okteti 1,474,560 ingechukua sekunde 6,144, ndiyo saa 1, dakika 42 na sekunde 24. Kwa hiyo, kabla ya kugawa, ulizeni mambo mawili: pigo linabeba biti ngapi, na okteti inatumwa kwa biti ngapi?

Wandugu, mtu huyu hakuwa na diplome ya sekondari, hakuwa na afya, na wakati wake ulikuwa ule wa baada ya kazi. Alichukua ule muda mtupu wa waya akaufanya uzae matunda. Na sisi, kati ya chakula cha jioni na kengele ya kulala, muda wetu mtupu tunaufanya nini? Mtihani wa mwisho uko karibu. Mwenye zoezi la baudi ambalo halikubali, aje kalasi ya sita jioni, tutalifanya pamoja.