Ian Murdock: Aliondoka, Kazi Ikabaki

Wanachuo wenzangu, mnaotumia Ubuntu kule maabara ya kompyuta mnaijua amri ya apt. Unaandika neno moja na jina la programu, inaingia. Unaandika neno jingine, inatoka. Mimi naona nyuma ya urahisi huo kuna mwanachuo mmoja wa miaka 20.

Ian Murdock alizaliwa Konstanz, Ujerumani, mwaka 1973. Mwaka 1993 alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Linux ilikuwa bado changa, na mkusanyiko aliokuwa anautumia, SLS, ulijaa kasoro. Wengine wangelalamika kijiweni, basi. Yeye tarehe 16 Agosti akatangaza kwamba anatengeneza wake. Akauita Debian, kwa kuunganisha jina la mpenzi wake Debra na lake, Ian.

Tatizo lilikuwa nini hasa? Kuweka programu si kazi sana, kasheshe ni kuiondoa. Programu moja inatawanya mafaili yake huku na kule. Utajuaje lipi lake na lipi la jirani? Ukifuta ovyo, unaua na nyingine iliyokuwa inalitegemea faili hilo.

Dawa ya Debian ikawa kifurushi, na sisemi kile cha bando. Programu inafungwa pamoja na orodha ya mafaili yake na majina ya vifurushi inavyovitegemea. Chombo kinachoitwa dpkg, ambacho Murdock alianza kukiandika Januari 1994, kinatunza daftari la kila kilichoingia. Kwa kuwa kinajua kilichoingia, kinajua pia cha kutoa.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba hakung'ang'ania. Mwaka huohuo Ian Jackson aliiandika upya sehemu kubwa ya dpkg. Machi 1996 Murdock akaachia uongozi. Bado kulikuwa na kero: dpkg ikikosa kifurushi kinachohitajika, inagoma tu, ukakitafute mwenyewe. Mwaka 1999 Debian 2.1 ikaja na APT, inayovitafuta na kuvileta vyote. Mwaka 2014 ikaongezwa amri fupi ya apt, iliyokusanya pamoja kazi za kila siku za apt-get na apt-cache. Hata Ubuntu, iliyoanza 2004, imejengwa juu ya Debian.

Murdock mwenyewe alijiunga na Sun mwaka 2007, akaongoza jitihada za kuirahisishia Solaris mambo hayohayo. Alifariki San Francisco tarehe 28 Desemba 2015, akiwa na miaka 42. Debian 9, iliyotoka 2017, ilitolewa kwa kumbukumbu yake.

Sasa tujiangalie sisi. Project nyingi za mwaka wa mwisho zinafanya kazi kwenye laptop ya mwenyewe tu. Akishavaa joho, hakuna mwingine anayeweza kuziweka kwenye mashine yake, na zinakufa hapohapo. Kabla hujakabidhi yako, mpe mwenzako aiweke, kisha aiondoe, wewe ukiwa haupo.