Sharifu wa Palermo aliyeiandika Malindi bila kufika

Juzi barazani baada ya laasiri kulizuka ubishi: ni mgeni gani aliyetuandika mapema sisi watu wa Mwambao? Wengi walimtaja Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331. Nikawaambia yuko aliyemtangulia kwa karibu miaka 180, na pwani yetu hakuiona kwa macho.

Huyo ni Sharifu Muhammad al-Idrisi. Alizaliwa Ceuta, mji wa pwani ya Morocco ambao Waarabu huuita Sabta, karibu mwaka 1100. Nasaba yake ilikwenda hadi kwa Mtume (SAW) kupitia kwa Sayyidna Hassan. Alisoma Cordoba, akasafiri tangu ujanani, kisha akaitwa Palermo, katika kisiwa cha Sisilia, na Mfalme Roger wa Pili.

Roger alikuwa Mkristo, na baba yake ndiye aliyewanyang'anya Waislamu kisiwa hicho. Hata hivyo Kiarabu kiliendelea kutumika katika ofisi za mfalme, pamoja na Kigiriki na Kilatini. Alichotaka kwa al-Idrisi ni kuijua dunia ilivyo, si hadithi za kusikia.

Kazi ilichukua takriban miaka 15. Mabaharia, wafanyabiashara na wasafiri waliitwa na kuhojiwa. Waliyoafikiana yaliandikwa, waliyohitilafiana yaliachwa. Ramani ikachorwa kwenye sahani kubwa ya fedha, na kitabu kikaandikwa chenye ramani 70, kusini ikiwa juu. Kilikamilika Januari 1154. Mwezi uliofuata mfalme akafariki.

Ninachompendea sharifu huyu ni kwamba hakuishia kwenye majumba ya wafalme. Aliandika watu wanakula nini na wanapata riziki vipi. Kuhusu Trabia, kijiji karibu na Palermo, aliandika vinu vya maji, uvuvi wa jodari, na tambi zilizotengenezwa hapo na kupakiwa majahazini kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Naam, tambi, hizi hizi tunazozipika kwa sukari mwezi wa Ramadhani. Watu wakibishana leo juu ya asili ya chakula hicho, ushahidi wake hutajwa miongoni mwa wa kwanza.

Na sisi je? Malindi aliieleza kuwa mji wa watu wanaochimba chuma na kukiuza kwa faida kubwa, wanaowinda bara, na wanaovua samaki, wakawatia chumvi na kuwauza. Msomaji, hiyo si ng'onda? Mombasa nayo aliitaja. Yote hayo aliyapata kwa vinywa vya watu, maelfu ya maili kutoka hapa.

Sahani ya fedha haikudumu. Fujo zilipozuka Palermo miaka michache baadaye, ilipotea na haijaonekana tena. Fedha ilikwenda, karatasi ikabaki. Al-Idrisi mwenyewe alifariki karibu mwaka 1165, na nakala za kitabu chake ziko hadi leo.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Ami yangu alikuwa nahodha. Alizijua nyota za kuongozea jahazi, milango ya miamba, dalili za kusi kuingia na kaskazi kuisha. Tulimzika na elimu yake yote. Mimi mpwa wake, niliyesoma hadi diploma, sikuwahi kukaa naye na kalamu hata jioni moja. Nilidhani yupo tu.

Tunalalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wageni, na ni kweli. Lakini mgeni huyu aliwauliza watu, akasikiliza, akaandika. Sisi tunao wazee mlango wa pili, na simu za kurekodi mifukoni. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kamuamkie mzee mmoja wa mtaa wenu, mvuvi, fundi wa majahazi au bibi msusi wa mikeka, umuulize kazi yake ilivyokuwa. Na uandike.