Zélie Martin: Mke, Mama na Mfanyakazi Aliyeishi Imani Kila Siku

Wapendwa mume na mke, wengi wetu tukisikia neno mtakatifu tunafikiria padre, mtawa au shahidi. Hatumfikirii mtu mwenye watoto wa kuamsha asubuhi, biashara ya kusimamia na mgonjwa wa kuuguza. Lakini tarehe 18 Oktoba 2015, hayati Papa Francisko aliwatangaza watakatifu mume na mke kwa pamoja: Louis na Zélie Martin wa Ufaransa. Huenda mnamfahamu zaidi binti yao, Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Leo mtazameni mama yake.

Zélie Guérin alizaliwa mwaka 1831. Alipokuwa msichana alitaka kuwa sista, lakini mama mkuu wa watawa wa mji wa Alençon hakumkubali. Hakukaa kulia. Alijifunza kushona lesi, ufundi uliofanya mji huo ujulikane, akafungua biashara yake mwenyewe. Louis, fundi wa saa, naye alikuwa ametaka kuingia monasteri akakataliwa kwa sababu hakujua Kilatini. Walikutana mwaka 1858, na baada ya miezi michache tu wakafunga ndoa usiku wa manane wa kuamkia tarehe 13 Julai. Bibi arusi alikuwa na miaka 26, bwana arusi 34.

Je, maisha yao yalikuwa ya miujiza? Hapana. Saa kumi na moja na nusu alfajiri walikuwa kwenye Misa, kisha kila mmoja akaenda kazini. Louis hakufungua duka lake siku ya Jumapili, ingawa watu wa mashambani walikuja mjini kununua siku hiyo na wenzake walimwambia anapoteza fedha. Zélie aliwapa kazi wanawake walioshonea majumbani mwao. Alhamisi walimletea vipande vya lesi, naye akaviunganisha, mara nyingi hadi usiku. Mfanyakazi wake akiugua, alikwenda kumtazama. Nyie mnaoajiri watu, hata kama ni mmoja tu, jiulizeni kama mnamjua akiwa mgonjwa.

Mwaka 1870 Louis alifanya jambo ambalo waume wengi wangeliona gumu. Biashara ya mke wake ilikuwa imekua kuliko yake. Alimwuzia mpwa wake duka la saa, akaanza kumsaidia Zélie kwa hesabu na kwa safari za Paris kutafuta wateja. Hakuona kwamba heshima yake ya mume imepungua. Mume mpendwa, mkeo akipata mshahara mkubwa kuliko wako, unafurahi pamoja naye, au nyumba inakosa amani?

Msidhani kwamba Mungu aliwaepusha na machozi. Walijaliwa watoto tisa. Kati ya mwaka 1867 na 1870 walizika wanne: wavulana wawili wachanga, kisha Hélène wa miaka mitano, kisha msichana mwingine mchanga. Zélie alilia kama mama yeyote. Alimwandikia kaka yake na mke wake uchungu wake waziwazi, bila kujifanya shujaa. Hakuacha sala, na hakuacha kuzaa. Tarehe 2 Januari 1873 alizaliwa Thérèse, dhaifu kiasi kwamba ilibidi apelekwe kijijini kwa mama mwingine amnyonyeshe kwa muda wa mwaka mzima hivi.

Ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na shida nyingine iliyofichika. Binti wa tatu, Léonie, alikuwa mtoto mgumu. Masista waliokuwa wakimfundisha walimrudisha nyumbani. Zélie aliomba sana juu yake na hakuona mabadiliko. Mwaka 1877 ndipo ilipogundulika kwamba msichana wa kazi alikuwa akimtisha na kumtesa mtoto kwa siri, ili amtii yeye peke yake. Mama aliumia sana, kwa kuwa alikuwa mle mle nyumbani. Tangu hapo alimvuta Léonie karibu naye, na mtoto akaanza kubadilika. Wazazi, mtoto akiwa mkaidi, msikimbilie fimbo. Ulizeni kwanza nani yuko naye mnapokuwa kazini.

Wakati huo Zélie alikuwa tayari anakufa. Alikuwa ameona uvimbe katika titi mwaka 1865, akaendelea na kazi. Mwishoni mwa mwaka 1876 daktari alimwambia kwamba ni kuchelewa mno. Mwezi Juni 1877 alikwenda hija Lourdes pamoja na binti zake wakubwa, akarudi bila kupona. Alifanya kazi karibu hadi mwisho, akafa tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na miaka 45. Tiba ya siku zile ilikuwa ndogo. Ya leo inaweza kusaidia mtu akienda mapema. Mke mpendwa, kumtumaini Mungu si kuficha ugonjwa. Nawe mume, msindikize hospitali.

Louis alibaki na binti watano, mkubwa miaka 17 na mdogo minne. Alihamia Lisieux ili wawe karibu na mjomba wao. Baadaye akili yake iliugua, akakaa miaka mitatu katika hospitali ya wagonjwa wa akili, jambo ambalo majirani walilisema vibaya. Alifariki mwaka 1894. Binti wote watano waliingia utawa, Léonie akiwa mmojawapo.

Basi, wapendwa, msingoje maisha yapate utulivu ndipo mwanze kuishi Ukristo. Nyumba ya akina Martin haikupata utulivu huo. Imani yao ilikaa katika Misa ya alfajiri, duka lililofungwa Jumapili, mume aliyebeba mizigo ya mkewe, na mama aliyemrudia mtoto aliyeshindikana.

Jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, zungumzeni:

1. Ni kazi gani ya mwenzangu ambayo sijawahi kumsaidia?
2. Ni mtoto yupi kati ya watoto wetu anayehitaji kuvutwa karibu zaidi?
3. Je, kuna maumivu ambayo mmoja wetu anamficha mwenzake?

Kisha salini pamoja, hata kama ni Baba Yetu moja tu.