Mtafuna Ngano wa Kanada

Sisi tuliopata kushika lindo usiku kucha twaijua thamani ya mkate wa asubuhi. Wachache kati yetu, hata hivyo, wamesikia habari za Charles Saunders, aliyezaliwa mwaka 1867 katika mji wa London, si ule wa Uingereza bali wa Ontario, Kanada.

Alisomea kemia, na moyo wake ulipenda muziki. Babaye, William, mkuu wa mashamba ya majaribio ya serikali, ndiye aliyemwingiza katika kilimo. Wakati huo nyanda za magharibi zilipandwa ngano iitwayo Red Fife. Unga wake ulikuwa bora, lakini ilichelewa kuiva, na mara nyingi jalidi iliiharibu ingali shambani. Mwaka 1892 Percy, nduguye Charles, aliipandisha na Hard Red Calcutta ya India, iliyowahi kuiva.

Tatizo lilikuwa katika wazao. Mmoja hurithi uwahi wa mama akaukosa unga wa baba, mwingine kinyume chake, nao kwa macho hufanana. Charles, aliyekabidhiwa kazi hiyo mwaka 1903, hakukubali kuzichanganya mbegu. Alichagua masuke bora, akapanda mbegu za kila suke peke yake. Punje zilikuwa chache mno kusagwa, basi akazitafuna! Punje njema huacha kinywani ulimbo unaovutika, yaani gluteni, ambayo huushika mkate uumukapo. Mbegu zilipoongezeka alisaga unga na kuoka mikate midogo, akaipima. Leo wataalamu wanajua kwamba nguvu ya ulimbo huo hutawaliwa na jeni kadhaa za protini, wala si moja. Meno ya Saunders yalizifuata bila kuzijua.

Ngano aliyoichagua, Marquis, iliwafikia wakulima mwaka 1909. Kufikia mwaka 1918 ilienea katika ekari zaidi ya milioni 20 za Kanada na Marekani, wakati nafaka ya huko ilipovushwa bahari kulisha Uingereza na washirika wake vitani. Haikuwa kamilifu: mwaka 1916 ugonjwa wa kutu uliishambulia vikali.

Saunders alistaafu mwaka 1922, afya ikiwa dhaifu. Pensheni aliyopewa ilikuwa haba (jambo ambalo askari hawana haja ya kuelezwa), wakulima wakalalamika hata ikaongezwa. Akaenda Paris kusoma lugha ya Kifaransa. Mwaka 1934 Mfalme wa Uingereza alimtunukia cheo cha Sir, naye akafariki mwaka 1937.